Tukiwafunga mafisadi wote kesho, mlinzi bado atalipwa laki na themanini



Siku moja, baada ya kikao cha tawi, tulibaki watano kwenye benchi la mama ntilie tukisubiri chai. Stori zikaanzia Mei Mosi ya 2025 ya Singida, kwamba kima cha chini serikalini kingepanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai mwaka huo, asilimia 35.1, makofi na vigelegele. Mmoja wetu akachukua kipeperushi cha mkutano uliopita, akakigeuza upande mweupe, akasema haya, kila mtu aandike anaingiza shilingi ngapi kwa mwezi, na asidanganye mtu.

Mlinzi wa kampuni binafsi akaandika 180,000, zamu ya saa 12, siku sita kwa wiki. Bodaboda akapiga mahesabu kwa sauti: ukitoa mafuta na hesabu ya mwenye pikipiki, siku nzuri anabaki na 8,000, siku ya mvua anabaki na deni. Mwalimu wa sekondari, laki tisa na kidogo kabla ya makato. Dada yetu anayefanya kazi za ndani akaandika 70,000, na mbele yake akaongeza "na chakula". Mimi nilikuwa wa mwisho, na changu naomba nisikitaje hapa.

Tukaiangalia ile karatasi kimya. Bodaboda ndiye aliyevunja ukimya: "Wezi hawa. Wakifungwa mafisadi wote hela ipo." Tukaitikia wote. Na mimi nikaitikia, kama ninavyoitikia tangu nijiunge na chama.

Lakini njiani kurudi nyumbani swali likanikaa kichwani. Tuseme kesho asubuhi tunawafunga wote. Wote kabisa, hadi yule wa halmashauri aliyekula hela ya madawati. Mwisho wa mwezi yule mlinzi atalipwa shilingi ngapi? Laki na themanini. Mkataba wake hauna wizi ndani yake. Na yule dada je? Amri ya kima cha chini cha sekta binafsi iliyotangazwa mwishoni mwa 2022 na kuanza kutumika Januari 2023 ilimpangia mfanyakazi wa ndani anayelala kwa mwajiri 60,000 kwa mwezi. Yaani kwa mujibu wa amri ile, dada yetu alikuwa anazidishiwa 10,000! Sasa weka ile 60,000 pembeni ya 500,000 ya serikalini. Zote ziliitwa kima cha chini, nchi ni moja, na unga dukani unauzwa bei ileile.

Ndiyo maana nimeamua kuandika, na najua baadhi yenu hamtapenda. Sisi wa upinzani tumeufanya ufisadi kuwa jibu la kila swali. Sisemi ufisadi ni jambo dogo. EPA, Richmond, Escrow, hatutasahau na wala hatupaswi kusahau. Ninachosema ni kwamba sehemu kubwa ya pengo kati ya walionacho na wasionacho katika nchi hii ni halali. Limeandikwa, limepigwa muhuri, limetangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Na linapopanuka au kupungua, ni kwa sababu kuna watu walikaa mezani wakapanga bei ya vitu vitatu: jasho, mazao na kodi. Anayetaka kujua kwa nini pengo hubadilika miaka inavyokwenda aangalie nani alikuwa kwenye meza hiyo na nani alifungiwa mlango.

Kwanza namba, maana tunabishana sana bila namba. Wachumi wana kipimo kinaitwa Gini. Sifuri maana yake kila mtu ana sawa na mwenzake, 100 maana yake mtu mmoja kachukua vyote. Kwa takwimu za Benki ya Dunia, Tanzania ilikuwa 37.8 mwaka 2011 na ikawa 40.5 mwaka 2018. Katika kipindi hichohicho umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara ulishuka kutoka asilimia 28.2 hadi 26.4. Uchumi ulikua kwa asilimia sita na zaidi karibu kila mwaka, umaskini ukasogea pointi mbili tu, na pengo likapanuka. Na hiyo Gini yetu inatokana na utafiti wa matumizi ya kaya, kwa hiyo ichukue kwa tahadhari. Mdadisi wa takwimu akigonga mlango wa nyumba ya tope anakaribishwa na kigoda. Akigonga geti la Masaki anajibiwa na mbwa. Walio juu kabisa hawaonekani vizuri kwenye hesabu hizo, kwa hiyo pengo lenyewe huenda ni pana kuliko linavyosomeka.

Angalieni vizuri miaka ile. Utafiti wa pili ulifanyika kati ya mwisho wa 2017 na mwisho wa 2018, wakati wa Magufuli, wakati ambao kelele za "tumbua" zilikuwa juu kuliko wakati wowote. Kweli, sehemu ya mabadiliko hayo ilianza wakati wa Kikwete na siwezi kumtwisha mtu mmoja. Lakini ukweli unabaki kwamba vita ya ufisadi ilitangazwa kwa ving'ora na pengo halikuziba. Tena watumishi wa umma walikaa tangu 2016 bila nyongeza ya jumla ya mishahara, mpaka 2022. Unaweza kumtumbua meneja wa bandari Jumatatu na bado ukamnyima mwalimu nyongeza kwa miaka sita. Kwa mwalimu, lililobadilika ni bei ya sukari tu.

Tazama na Brazili, nchi yenye pengo baya kuliko letu kwa mbali. Mwaka 2001 Gini yao ilikuwa karibu 58. Kufikia 2014 ilikuwa imeshuka hadi karibu 52. Kwa nchi kubwa kama ile, kushuka kiasi hicho ndani ya miaka kumi na kitu ni jambo kubwa. Je, walimaliza ufisadi? Wapi! Ni miaka hiyohiyo fedha zilikuwa zinachotwa kwenye shirika lao la mafuta, Petrobras, kashfa ambayo ililipuka mwaka 2014 na kuitikisa nchi nzima. Kilichobadilika ni vitu vingine. Kima cha chini kilipandishwa mwaka hadi mwaka kuliko kupanda kwa bei za vitu, na kwa kuwa pensheni za wazee zilifungwa kwenye kima hichohicho, bibi kijijini naye alipanda. Kuanzia 2003 kukawa na Bolsa Família, fedha taslimu kwa familia maskini kwa sharti la watoto kwenda shule na kliniki. Watoto wa maskini wakasoma zaidi, mishahara ya walio chini ikasogea. Walio juu kabisa hawakuguswa sana, kodi zao za manunuzi bado zinamuumiza maskini kuliko tajiri, na uchumi ulipoyumba pengo likaanza kurudi. Kwa hiyo siwauzii Brazili kama pepo. Nawaonyesha tu kwamba wizi ulikuwepo na pengo likashuka.

Najua kuna wanaosema vidole havilingani, Mungu ndiye kapanga. Kuna na wasomi wao wanaosema hivyohivyo kwa tai shingoni: uchumi ukianza kukua, pengo lazima lipanuke kwanza, halafu baadaye litapungua lenyewe, tuvumilie. Hoja hiyo ina baba yake, mchumi wa Marekani aitwaye Simon Kuznets, aliyeitoa mwaka 1955 kwa kuangalia takwimu za Marekani, Uingereza na Ujerumani. Wanaopenda kumtaja huwa hawasemi kwamba yeye mwenyewe aliandika kuwa makala yake ilikuwa kama asilimia tano ushahidi na asilimia 95 makisio. Pengo la Marekani lilipungua katikati ya karne iliyopita, ni kweli, lakini kulikuwa na mdororo mkubwa wa uchumi, vita vikuu viwili, na kodi ya kipato ambayo mwaka 1944 kiwango chake cha juu kilifika asilimia 94. Hicho ndicho anachokiita mtu "lenyewe"?

Lakini sisi tuna historia yetu, na hatuisomi ipasavyo. CCM wameifanya kuwa picha ya kutundika ukutani na sisi tumewaachia.

Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, likiwemo la kukatwa sehemu kubwa ya mshahara wakati wa kutumikia. Mwalimu alikasirika, akawafukuza karibu wanafunzi 400. Hilo sisi vijana wa upinzani hatuwezi kulipigia makofi. Lakini siku hiyohiyo alikiri jambo: kwamba mishahara ya viongozi, wa kwake ukiwemo, ilikuwa mikubwa mno kwa nchi maskini. Akajikata wake asilimia 20, na wakubwa wengine wakafuata. Miezi michache baadaye, Februari 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha.

Matokeo? Mwalimu mwenyewe, akitathmini miaka kumi ya Azimio mwaka 1977, alieleza kwamba wakati wa uhuru mshahara wa juu baada ya kodi ulikuwa takriban mara 50 ya kima cha chini, na sasa umekuwa takriban mara tisa. Someni tena. Kutoka mara 50 hadi mara tisa ndani ya miaka 15 hivi. Hakuna upepo wa uchumi unaofanya hivyo. Ni uamuzi wa mshahara na uamuzi wa kodi.

Sasa kabla hamjaanza kuimba, sikilizeni upande wa pili. Pengo lililobanwa lilikuwa la wenye mishahara, na wengi wa Watanzania hawakuwa na mshahara wowote. Walikuwa wakulima. Mwaka 1976 vyama vya ushirika vya wakulima vilivunjwa, vile ambavyo mkulima wa kahawa na pamba alivijenga tangu enzi za mkoloni, na mazao yakawekwa chini ya mamlaka za serikali zilizopanga bei. Mkulima akawa hana meza. Alipangiwa, akapokea, tena mara nyingi kwa kuchelewa. Vivyo hivyo wafanyakazi: baada ya maasi ya jeshi ya 1964 shirikisho lao huru la TFL lilivunjwa, ikaundwa NUTA moja tu, na Katibu Mkuu wake akateuliwa na Rais. Usawa ulitolewa kutoka juu kama posho. Kinachotolewa kama posho kinaweza kukatwa kama posho, na ndicho kilichotokea.

Vita ya Uganda, mafuta kupanda, mazao kuporomoka, kisha foleni. Wazazi wetu wanasimulia foleni za sabuni na sukari kama filamu. Kwenye karatasi, mkurugenzi na karani walikuwa hawapishani sana mshahara. Mtaani ilikuwa habari nyingine, maana noti zilikuwepo na bidhaa hazikuwepo. Aliyemjua meneja wa duka la ugawaji alikuwa tajiri, asiyemjua alikuwa maskini, hata kama mishahara yao ilikuwa sawa. Hakuna Gini inayopima hilo. Mwaka 1983 Sokoine akaendesha msako wa walanguzi na wahujumu uchumi. Bidhaa nyingine zilikutwa zimefichwa, nyingine watu walitupa usiku kwa woga, ila msako wenyewe haukuongeza hata mche mmoja wa sabuni nchini.

Halafu bei zikala mishahara. Kufikia katikati ya miaka ya 80 thamani halisi ya mshahara ilikuwa imeporomoka kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na miaka kumi nyuma. Mtumishi wa umma aliyezuiwa na Azimio kuwa na mradi akaanza kufuga kuku wa mayai uani na ng'ombe barabarani, kwa sababu mshahara ulikuwa unaisha tarehe tano. Kila mtu alijua, kila mtu alinyamaza. Kwa hiyo Februari 1991, Halmashauri Kuu ya CCM ilipokaa Zanzibar na kulegeza masharti ya uongozi, ilikuwa inazika kitu ambacho njaa ilishakiua. Namhurumia kidogo karani mwenye kuku wake.

Ila hapo ndipo ujanja ulipopita. Azimio la Zanzibar lililetwa kwa sababu ya karani mwenye kuku, likamnufaisha waziri mwenye hisa. Ruhusa ilikuwa ya wote, mtaji haukuwa wa wote. Na ruhusa hiyo ilikuja muda mfupi kabla ya mashirika ya umma kuanza kuuzwa, mamia yake, katika miaka ya 90. Tangu hapo, anayepanga kodi ya makampuni anaweza kuwa na hisa ndani ya kampuni. Anayepanga kima cha chini cha walinzi anaweza kuwa na kampuni ya ulinzi. Si lazima aibe kitu. Anahitaji tu kupiga kura Dodoma kama mtu mwenye akili timamu anayelinda mali yake. Na hakuna mwananchi hata mmoja aliyeulizwa kwa kura kama anataka uamuzi ule.

Miaka ya 2000 uchumi ukakua kweli, tusikatae. Dhahabu, simu, mabenki, utalii, ujenzi. Lakini hesabu watu wanaoajiriwa huko. Zaidi ya nusu ya Watanzania wanaofanya kazi wako kwenye kilimo, na kilimo kilikuwa kinajikokota. Ndiyo maana umaskini ulitoka karibu asilimia 36 mwaka 2000/01 hadi karibu 34 tu mwaka 2007, katika miaka ambayo tuliambiwa tunapaa. Utafiti wa 2017/18 ulionyesha umaskini Dar es Salaam ni asilimia 8, Rukwa ni asilimia 45. Rukwa, makamanda, mkoa unaolisha nchi mahindi!

Chukua dhahabu. Sheria ya madini ya 1998 iliweka mrabaha wa asilimia tatu. Ikawa asilimia nne mwaka 2010, asilimia sita mwaka 2017. Dhahabu ni ileile ardhini, namba ndiyo ilibadilika. Na haikubadilika kwa huruma. Agosti 2007 Zitto Kabwe alisimamishwa ubunge kwa kuhoji mkataba wa Buzwagi uliosainiwa London. Nchi ikachemka, ikaundwa Kamati ya Jaji Bomani, na miaka mitatu baadaye sheria ikaandikwa upya. Sisi upinzani tunapoulizwa tumefanya nini, hilo lisemwe: tulilazimisha meza ifunguliwe kidogo.

Halafu chukua korosho. Mimi ni mtoto wa Newala, kwa hiyo hapa mtanivumilia nikikaa kidogo. Kila kilo ya korosho ghafi inayokwenda nje inatozwa ushuru. Zamani asilimia 65 ya ushuru ule ilirudi kwenye zao lenyewe: pembejeo, salfa, miche. Msimu wa 2017/18 zao lilivuka tani 300,000, na bei mnadani ikafika karibu 4,000 kwa kilo. Ule mwaka kwetu watu walijenga. Bati zinang'aa mpaka leo, ukipita utaziona. Juni 2018 Bunge likabadilisha sheria, ushuru wote ukaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Wabunge wa Kusini walipiga kelele, hata wa CCM, wakanyamazishwa. Msimu uliofuata bei ya wanunuzi ikaanguka, wakulima wakagoma kuuza, Novemba serikali ikatuma jeshi kununua kwa 3,300. Tamko lilikuwa tamu. Malipo yakachukua miezi, na kuna watu waliouza kwa kangomba kwa bei ya kutupa ili watoto waende shule Januari. Misimu iliyofuata mavuno yakashuka.

Nani aliiba hapo? Pengine wapo, lakini tuwaweke pembeni. Ile asilimia 65 iliondoka kwa kura, mchana kweupe, kwenye ukumbi wenye viyoyozi. Familia za Tandahimba, Newala na Masasi zikarudi nyuma hatua mbili kwa kifungu kimoja cha Muswada wa Fedha. Hivi ndivyo pengo linavyopanuka, na ndiyo sababu nasema tusome Muswada wa Fedha kila Juni kama tunavyosoma ripoti ya CAG kila Aprili. Ripoti ya CAG ina utamu wake, ina majina na mabilioni, unapata kichwa cha habari hapohapo. Muswada wa Fedha unachosha. Ndimo tunamochinjiwa.

Kwenye kodi nitaenda haraka. VAT ni asilimia 18 na mlinzi analipa sawasawa na bosi wake kwenye sabuni ileile. Kodi ya mshahara inaanza juu ya 270,000 na kiwango cha juu kabisa, asilimia 30, kinaanza ukivuka milioni moja kwa mwezi. Yaani kwa shilingi inayozidi hapo, mwalimu mkuu mwenye milioni moja na laki mbili na mkurugenzi mwenye milioni 40 wanakatwa kiwango kimoja. Baada ya milioni moja ngazi imeisha! Nani alikata ngazi pale? Aliyekuwa juu yake. Na Julai 2021 ikaja tozo ya miamala ya simu, hela ambayo mtoto anamtumia mama yake kijijini ikakatwa njiani. Vijana wakapiga kelele mitandaoni na mitaani, na ndani ya miezi miwili serikali ikaipunguza kwa asilimia 30, kisha ikaendelea kuirekebisha. Kumbe meza inasikia kelele, ikilengwa kwenye namba maalumu.

Elimu nayo imo, ila msiifanye kuwa dawa ya kila kitu kama wanavyofanya wao. Kufuta ada mpaka kidato cha nne kuanzia 2016, na baadaye cha tano na sita, ni jambo jema na nalisema bila kigugumizi. Lakini mtoto anasoma darasa la wanafunzi 120 kwa Kiswahili, anaingia kidato cha kwanza anakutana na Kiingereza ghafla, wakati mwenzake wa shule ya kulipia alianza nacho chekechea. Kisha tunawapa mtihani mmoja na kusema wameshindana. Na hata wote wakifaulu, kama kazi iliyopo mtaani ni ulinzi wa laki na themanini, tutakuwa na walinzi wenye digrii. Tunao tayari.

Sasa turudi kwenye mshahara, maana ndio ulioanzisha yote. Mwaka 2010 TUCTA walidai kima cha chini cha 315,000 na kutangaza mgomo. Rais Kikwete akawaita wazee wa Dar es Salaam, akalihutubia taifa kupitia kwao, akasema serikali haina uwezo huo. Mgomo haukufanyika. Tangu siku ile Mei Mosi imekuwa sherehe ya kusubiri Rais ataje namba, na wafanyakazi wanavaa fulana na kushangilia au kununa. Nyongeza ya 2025 ni nzuri, nampongeza aliyeipata. Ila inamhusu mtumishi wa umma wa ngazi ya chini. Bodaboda, machinga, mkulima, kibarua wa kiwandani na dada wa ndani hawamo. Hao ndio wengi, na hao ndio hawana chama chenye nguvu ya kukaa mezani kwa niaba yao.

Kwa hiyo natoa hoja kwa vijana wenzangu, na naitoa kwanza kwa watu wetu wanaogombea uongozi ndani ya chama. Tuache kusema tu "tutarudisha fedha zilizoibiwa". Tuseme namba. Kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani kitakuwa shilingi ngapi, na nani atakikagua nyuma ya geti? Ngazi ya kodi ya mshahara itapanda vipi baada ya milioni moja, na iishie wapi? Asilimia ngapi ya ushuru wa korosho itarudi kwa mwenye mkorosho, na itaandikwa kwenye sheria gani ili isiondolewe kwa kura ya jioni? Na je, kiongozi wetu atakubali masharti ya uongozi, kutangaza hisa na nyumba zake hadharani, kabla hatujawadai wao? Nimeuliza hili la mwisho kwenye kundi letu la WhatsApp, nikajibiwa na emoji ya kucheka. Bado nasubiri jibu.

Najua hoja hizi hazina mzuka wa jukwaani. Ukisema "mafisadi" umati unalipuka, ukisema "kiwango cha juu cha kodi ya mshahara" watu wanatafuta maji ya kunywa. Nimejaribu juzi, nikazomewa kidogo. Lakini nilipomwambia yule bodaboda kwamba hesabu ya 10,000 kwa siku anayompelekea mwenye pikipiki, kwa siku 26, ni 260,000 kwa mwezi, na kwamba yeye mwenyewe hata siku zote zikiwa nzuri anabaki na 208,000, alizima pikipiki akashuka. Akaniuliza, "Sasa hiyo hesabu nani aliipanga?" Hakuna sheria inayoigusa. Tulikaa pale saa nzima, wakaja na wenzake wa kijiweni. Kuna aliyesema wanunue pikipiki kwa kuchangishana kila wiki, mwingine akasema walishajaribu, mhazini akatoroka. Basi tukacheka, kisha tukaanza kujadili katiba ya kikundi.

Ile karatasi ya majina matano ninayo. Jumamosi naenda nayo kwenye kikao cha tawi, na nimeomba nipewe dakika 15 kabla ya mengineyo. Atakayekuja aje na hati ya mshahara, au risiti ya mnada wa korosho, au daftari la hesabu la bodaboda, chochote alicho nacho. Tuanzie hapo.